Hukumu Ikitupendeza na Hukumu Isipotupendeza

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengine watasema halifai katika gazeti la Kanisa, kwa maana ni jambo la mahakama, tena limeingiwa na siasa. Mimi naona ni jambo la nyumbani hasa. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, anayehangaika ni mama yake. Hesabu ya hospitali ikija, anayeuza ng'ombe ni baba yake. Basi sheria inayosema hesabu hiyo italipwa na nani, na kwa njia gani, haiwezi kuwa mali ya wabunge na mawakili peke yao. Na maneno waliyoyasema wakubwa wetu juu ya majaji walioipima sheria hiyo, yatupasa nasi kuyapima kwa utulivu, kama watu wenye imani.

Kwanza niwakumbushe jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu wengi hukumbuka kelele na kusahau habari yenyewe.

Hapa Kenya tulikuwa na mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, uliowekwa na sheria ya mwaka 1966. Mwenye mshahara alikatwa kila mwezi kwa kadiri ya mshahara wake, lakini hata aliyepata shilingi 100,000 au zaidi hakukatwa zaidi ya 1,700. Mkulima, fundi na mama wa sokoni walitoa 500 kwa mwezi. Mfuko huo uliwasaidia wengi, tena ulilaumiwa na wengi, kwa ajili ya fedha zilizopotea na madai ya hospitali yaliyokaa bila kulipwa.

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya kwa siku moja. Mojawapo iliondoa NHIF na kuweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, tunayoiita SHA. Ikawekwa na mifuko mitatu: mmoja wa matibabu ya kwanza katika zahanati na vituo vya afya, mmoja wa bima yenyewe, na mmoja wa dharura na magonjwa makubwa ya siku nyingi. Mwenye mshahara angetoa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, bila kikomo cha juu. Asiye na mshahara angeulizwa habari za nyumba yake na mali yake, kisha akadiriwe, naye asitoe chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Fanya hesabu nami, msomaji. Mfanyakazi wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF; kwa sheria mpya angekatwa 550. Bwana mkubwa wa shilingi 200,000 alikuwa akikatwa 1,700; sasa angekatwa 5,500. Maana yake ni kwamba aliyejaliwa kingi amtegemeze aliyejaliwa kidogo. Mimi sioni hapo neno linalopingana na mafundisho ya Kanisa. Lakini yule mama wa sokoni aliyezoea kutoa kidogo kila mwezi aliambiwa atoe ya mwaka mzima kwa mara moja, na hapo hesabu nzuri ya kitabuni ikagongana na mkoba mtupu.

Watu wakaenda mahakamani. Tarehe 27 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha sheria hiyo kwa muda. Tarehe 19 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu sehemu yake kubwa iendelee. Ndipo tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, walipotoa hukumu yao: sheria tatu kati ya zile nne zimekwenda kinyume cha Katiba, kwa maana wananchi hawakushirikishwa ipasavyo zilipotungwa. Wakalipa Bunge siku 120 lirekebishe mambo. Mwisho, tarehe 20 Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliizuia hukumu hiyo isitekelezwe, ikingoja rufaa isikilizwe. Na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

Angalia vema walichosema majaji wa Julai, na wasichosema. Hawakusema kwamba ni vibaya Wakenya wote wawe na bima. Hawakusema kwamba maskini asisaidiwe na tajiri. Walisema kwamba jambo kubwa namna hii, linaloingia katika mfuko wa kila nyumba, halikupaswa kupitishwa kabla wenye nyumba hawajaelezwa na kusikilizwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 imelitaja jambo hilo waziwazi, nayo tuliipigia kura wenyewe. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na majaji wamesema vivyo hivyo kwa lugha yao.

Kulikuwa na neno jingine lililobishaniwa katika kesi hii toka mwanzo. Sheria ilikuwa na vifungu vilivyomtaka mtu aonyeshe kwamba ameandikishwa na amelipa, ndipo ahudumiwe. Hapo mimi humkumbuka yule Msamaria mwema. Alipomkuta mtu amelala kando ya njia, amepigwa na wanyang'anyi, hakumwuliza kwanza kama ameandikishwa. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa fedha. Katiba yetu nayo yasema kwamba asiwepo mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura. Basi wale waliokwenda kuuliza mahakamani juu ya vifungu hivyo hawakuuliza jambo la kipuuzi.

Sasa tuje kwenye maneno ya wakubwa, kwa maana hapo ndipo penye somo.

Mwanzoni mwa Januari 2024, sheria ilipokuwa imesimamishwa, Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba wako watu katika mahakama wanaoshirikiana na wala rushwa ili kuizuia mipango ya serikali, na kati ya mipango hiyo aliitaja hii ya afya na ile ya nyumba. Jaji Mkuu, Martha Koome, akajibu kwamba wakubwa wa nchi wakikataa amri za mahakama, nchi itaingia katika fujo. Mawakili wakaandamana barabarani tarehe 12 Januari. Baadaye, tarehe 22 mwezi huohuo, Rais na Jaji Mkuu wakakutana Ikulu, na maneno yakapoa kidogo.

Upande wa pili nao ulikuwa na kelele zake. Watu waliokuwa hawajawahi kuisoma sheria hiyo hata ukurasa mmoja walishangilia kila iliposimamishwa, kana kwamba mpira umeingia golini. Hawakuuliza wagonjwa watalipiwa na nani kesho yake. Kwao hukumu ilikuwa kofi lililompata mtu wasiyempenda, basi, yakatosha.

Ikiwa wadhani nawasingizia wanasiasa, turudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisema ataitii hukumu, lakini siku ileile aliwaita majaji wakora mbele ya watu sokoni. Na upande wa Raila Odinga ukawasifu majaji haohao kwa ujasiri wao. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kama BBI. Bwana Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais, alifurahi, akamshukuru Mungu kwa hukumu hiyo. Tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha ushindi wa Bwana Ruto. Wake wakaisifu mahakama, wale wa Odinga wakasema wanaiheshimu hukumu lakini hawakubaliani nayo. Halafu ikaja Januari 2024, na yule aliyemshukuru Mungu mwaka 2021 akawanung'unikia majaji. Mahakama ni ileile, na Katiba ni ileile. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa mwanadamu mchungu.

Wala si Kenya peke yake. Huko Marekani Rais Barack Obama alitia sahihi sheria kubwa ya bima ya afya mwezi wa Machi 2010. Wapinzani wake wakaipeleka mahakamani, na tarehe 28 Juni 2012 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliiacha isimame, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu John Roberts, ambaye alikuwa ameteuliwa na Rais George W. Bush wa chama kilichoipinga sheria hiyo. Alisema kwamba fedha atakazotozwa asiyenunua bima zaweza kuhesabiwa kuwa kodi, na Bunge lina ruhusa ya kutoza kodi. Lakini katika hukumu hiyohiyo majimbo yalipewa uhuru wa kukataa kuongeza msaada wa matibabu kwa maskini wao, bila ya kunyimwa fedha walizokuwa wakipata tangu zamani. Yaani kila upande ulipata kitu na kukosa kitu.

Je, wakubwa walisemaje? Obama alisema ni ushindi kwa watu wa nchi nzima. Mitt Romney, aliyekuwa akishindana naye kwa urais, alisema kwamba akichaguliwa ataanza kuivunja sheria hiyo tangu siku yake ya kwanza. Wengi waliomsifu Roberts miaka yote walimwita msaliti, na wengi waliomlaumu miaka yote walimwona shujaa kwa asubuhi moja. Siku kumi na tatu baadaye baraza la wawakilishi lilipiga kura kuifuta sheria, ingawa walijua kwamba baraza la pili halitakubali. Maaskofu Wakatoliki wa huko walichukua njia yao: walisema hawakujiunga na juhudi za kuifuta sheria nzima, lakini yako mambo ndani yake yanayotakiwa kurekebishwa. Maneno kama hayo hayashangiliwi na mtu, kwa maana hayampi ushindi mtu yeyote. Lakini ndiyo maneno ya mtu aliyesoma kabla ya kusema.

Msomaji ataniuliza, na wewe je, ulikuwa upande gani? Nitasema bila kuficha. Nina mdogo wangu ambaye mafigo yake yameharibika. Mara mbili kila juma husafishwa damu kwa mashine. Bila bima, mashamba yetu yote yangekwisha kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo mimi nilitaka mfuko usimame, uwe NHIF au SHA, jina si neno kwangu. Niliposikia redioni kwamba majaji wameitupa sheria, moyo uliniruka. Nilijiuliza, juma lijalo mashine italipwa na nani?

Lakini nilipotulia na kuisikiliza hukumu ikielezwa, nilishindwa kuwakasirikia wale majaji. Kijijini kwetu hakuna aliyekuja kutueleza sheria hiyo kabla haijapita. Hakuna aliyemwuliza fundi wa baiskeli kama aweza kutoa ya mwaka mzima kwa siku moja. Kama tungeulizwa tungalisema, na huenda sheria ingalitoka nzuri kuliko ilivyotoka. Basi nikajikuta na mambo mawili kifuani, nayo yote mawili ni ya kweli: nahitaji sheria hii, na majaji wamesema haki. Mtu mzima hana budi kuweza kuyabeba yote mawili kwa pamoja. Anayeweza kubeba moja tu ndiye anayetafuta wa kumtukana.

Na taabu niliyoiogopa ilikuja, ila haikuletwa na majaji. Mwezi ule wa Oktoba 2024, siku za kwanza za mpango mpya, mdogo wangu alifika hospitalini saa ya zamu yake akaambiwa kwamba jina lake halionekani katika mashine ya kompyuta, atoe fedha taslimu au arudi nyumbani. Tulichanga, tukatoa. Wenzake waliokaa kwenye benchi lile hawakuwa na wa kuwachangia. Nilitazama nyuso zao, nikawakumbuka wale waliotangaza redioni kwamba kila kitu ki tayari, na wale wengine waliotangaza kwamba kila kitu ni wizi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye benchi lile.

Jumapili moja katika siku zile, baada ya Misa, wanaume walikuwa wakibishana uani pa kanisa. Mmoja alisema majaji wamenunuliwa. Mwingine alisema serikali imekwisha. Mama mmoja aliyekuwa amembeba mjukuu wake aliwasikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Wazee wangu, kesho nikimpeleka huyu zahanati, nishike kadi gani?" Wote wakanyamaza. Naona swali la mama huyo ndilo lililopasa kuulizwa kwanza na kila aliyefungua kinywa chake juu ya hukumu ile, Ikulu, Bungeni na uani pa kanisa.

Maaskofu wetu wa Kenya nao walisema. Tarehe 14 Novemba 2024 walitoa tamko wakalaumu mambo mengi, na mojawapo ni haraka iliyotumika kuondoka NHIF na kuingia SHA, pamoja na madeni ya NHIF ambayo hospitali za Kanisa zilikuwa hazijalipwa. Wakubwa kadhaa wa serikali waliwajibu kwamba hawakuwa na habari kamili. Tuseme kweli hapa: Kanisa lina hospitali zake, nalo ni mdai kama wadai wengine, kwa hiyo yafaa maneno yake nayo yapimwe. Lakini mwenye kudai kwa haki si mchochezi. Mshahara wa muuguzi wa misheni na dawa za stoo yake hazilipwi kwa matumaini.

Basi, ndugu msomaji, tufanye nini sisi tusio majaji wala wabunge? Naona yako mambo manne.

La kwanza, hukumu ikitolewa, tuulize imesema nini kabla ya kuuliza imemwumiza nani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Leo wakata mti wa jirani, kesho wafika kwako. Ukiizoeza jamaa yako kudharau hukumu ya leo kwa sababu haikupendezi, usishangae siku utakapokwenda mahakamani kwa ajili ya shamba lako, ukashinda, na aliyeshindwa akakataa kutoka.

La pili, tusiseme jaji amehongwa ikiwa hatuna ushahidi. Yethro alipomshauri Musa achague waamuzi, alimwambia achague wanaomcha Mungu na wanaochukia mapato ya udhalimu. Kwa hiyo hata siku zile ilijulikana kwamba mwamuzi aweza kupotoshwa kwa fedha. Wako majaji wabaya, sikatai. Lakini Katiba imeweka Tume ya Huduma za Mahakama ili malalamiko yapelekwe huko na kuchunguzwa. Mwenye ushahidi aupeleke. Asiye nao anasingizia, na kusingizia ni dhambi, hata kukifanywa na mtu mwenye walinzi.

La tatu, tukiitwa kutoa maoni, twende. Majaji wamesema kwamba wananchi hawakusikilizwa ipasavyo. Lakini nani atamsikiliza asiyefika? Mara nyingi tangazo la mkutano husomwa kanisani, na siku yenyewe wanakuja watu kumi, saba wao wamefuata soda. Chama cha Akina Mama, vijana, vikundi vya kusaidiana, wachague mtu wa kwenda na maneno yaliyoandikwa. Fundi aseme mwenyewe kwamba anapata fedha kwa siku, si kwa mwaka. Hakuna atakayemsemea vizuri kuliko yeye.

La nne, tusimwache jirani akae bila bima kwa sababu sisi twabishana. Wako wazee wasiojua kujiandikisha kwa simu. Kijana mmoja mwenye simu, akikaa chini ya mti baada ya Misa kwa saa mbili, aweza kuandikisha nyumba kumi. Wako wajane ambao shilingi 300 kwa mwezi ni mzigo kwao. Jumuiya ndogondogo yaweza kuwachangia. Kufanya hivyo si kuunga mkono serikali, wala si kuipinga.

Wanasiasa wataendelea kusifu hukumu zinazowapendeza na kuzinung'unikia zisizowapendeza. Hiyo ni kazi yao tangu zamani. Lakini wewe, baba au mama wa nyumba, watoto wako wakusikiliza mezani. Wakikusikia leo ukiwasifu majaji na kesho ukiwatukana, watajifunza kwamba haki ni jina la jambo tulipendalo. Wafundishe vingine. Waambie kwamba hukumu hii ilimpendeza baba katika neno moja, ikamchoma katika jingine, naye ameitii. Kisha jioni hiyo watume kwa yule bibi jirani, wamwulize kama jina lake limekwisha kuandikwa.